Kalista na Kamba wa Bondeni

Mtu yeyote wa kitongoji kile cha Ntobeye akikutana na Kalista asubuhi, baada ya salamu, na pengine hata kabla yake, alimuuliza swali moja: "Leo nge wako wameamkaje?" Kalista alikuwa amelichoka swali hilo kuliko anavyochoka mtu aliyelima kutwa. Jembe ukilichoka unaliweka chini, lakini majirani unawaweka wapi?

Kwanza, hawakuwa nge. Alishalieleza hilo mpaka mate yakamkauka. Nge ana sumu mkiani, na hawa mkia wao ndio chakula chenyewe. Ni kamba wa maji baridi, wekundu kama matofali yaliyoiva, wana magando mawili mbele, na wanatembea kinyumenyume wakiogopa. Hakuna anayejua kwa hakika walikotoka. Wako wanaosema walishuka na mto kutoka ng'ambo, na wako wanaosema kuna mtu aliyewamwaga kwenye maji akidhani anajiletea neema. Huyo mtu, kama yupo, Kalista aliomba asikutane naye njiani akiwa na panga mkononi.

Maana kilichokuwa hatarini ni tuta. Bondeni, mahali kijito kinapojikunja kabla ya kwenda kuungana na maji makubwa, Kalista ana bwawa la samaki. Alilichimba yeye na mumewe Xavery, yeye akichimba na Xavery akieleza namna ya kuchimba. Ni bwawa la perege. Perege hao ndio mboga ya nyumba hiyo, na maji yanayotoka humo ndiyo yanayonywesha magimbi, kabichi na nyanya wakati wa kiangazi, bonde lote linapokuwa limepauka. Ukimwondolea Kalista lile tuta linalozuia maji, umemwondolea jiko. Na kamba wa maji baridi wana kazi moja wanayoipenda kuliko zote: kuchimba matuta.

Wanatoboa mashimo marefu wanakolala mchana. Usiku wanatoka, wanakula vifaranga vya perege, wanakata nyavu, halafu wanarudi kulala ndani ya udongo ambao Kalista aliushindilia kwa miguu yake mwenyewe. Mwaka wa kwanza tuta lilianza kutoa jasho. Mwaka wa pili lilivuja sehemu tatu, na kila alipoziba moja, usiku huohuo palifunguka nyingine. Akazoea kuamka na kwenda kulitazama tuta kabla hajanawa uso.

Ndipo alipoamua kuwala.

Hakuamua kwa sababu ya ujasiri, aliamua kwa sababu ya hasira. Alisuka migono ya matete, ile mitego ya kizamani yenye mdomo mpana unaoingia ndani na kuwa mwembamba, kiasi kwamba kiumbe akishaingia haoni njia ya kutokea. Ndani aliweka utumbo wa kuku, akaitega jioni kandokando ya bwawa na kijitoni, karibu na mizizi. Asubuhi migono ilikuwa mizito mpaka akadhani imenasa gogo. Akabeba nusu ndoo nyumbani, akachemsha maji ya chumvi, akawatumbukiza. Walipogeuka wekundu wa kung'aa, akavunja mikia, akamenya, akauvuta ule uzi mweusi wa tumbo na kuutupa, kisha akakaanga kwa kitunguu na nyanya. Akala peke yake na ugali wa muhogo, huku Xavery akimtazama kutoka mlangoni kama mtu anayesubiri kuita watu.

"Unajisikiaje?" Xavery aliuliza.

"Ninajisikia nimeshiba."

"Ngoja kidogo. Sumu nyingine zinachelewa."

Alingoja mpaka kesho yake, mke hakufa, naye akala. Tangu hapo alikula kuliko yeyote, na akaanza kuwaeleza watu namna ya kuwala.

Shida ilikuwa majirani. Kalista alijua wazi kwamba mdomo mmoja, au miwili ukihesabu na wa Xavery, haiwezi kumaliza kamba wa kijito kizima. Alitaka bonde zima liwale. Alikwenda nyumba kwa nyumba na bakuli. Rozina, jirani yake wa upande wa juu, alifunika pua kwa kitenge, akasema kwao hawali kitu chenye miguu inayozidi minne. Wiki hiyohiyo, giza likianza kuingia, bakuli tupu lilikuja kupitia uani likiwa limefunikwa kwa jani la mgomba, pamoja na ujumbe kwamba "yule mgonjwa anaomba kidogo." Nyumbani kwa Rozina hapakuwa na mgonjwa. Kalista alijaza bakuli, akameza maneno yake.

Halafu ikaja Kwaresima, na swali jipya likazuka: Ijumaa, siku ya kujinyima nyama, kamba ni nyama au ni samaki? Watu waliokuwa hawataki hata kumwona, sasa walibishana juu yake kama walivyobishana juu ya mipaka ya mashamba. Mwalimu wa dini, mzee Telesfori, aliletewa mmoja kwenye sahani aamue. Alimgeuza huku na huku, akauliza kama ana damu. Akaambiwa haonekani kuwa nayo. Akauliza kama ana magamba. Akaambiwa ana gamba moja kubwa. Akasema jambo hilo ni zito, atamuuliza padri, lakini kwa kuwa yule aliyeletwa ameshaiva, na kutupa chakula ni dhambi, basi atamla. Wiki iliyofuata alisema padri amecheka tu na kusema anayeishi majini ni wa majini. Kuanzia hapo Ijumaa za Ntobeye zilikuwa za kamba, na watu walewale waliomcheka Kalista walikuja kumlaumu kwamba migono yake ni michache.

Alisuka mingine. Alifundisha wengine kusuka. Mama lishe mmoja wa Rusumo, aliyekuwa akiwapikia madereva wa malori, alianza kuagiza ndoo nzima, maana madereva wa mbali hawana maswali mengi wakiona chakula chekundu. Kwa mara ya kwanza tangu kamba waingie bondeni, Kalista alianza kulala mpaka alfajiri.

Lakini tuta liliendelea kuvuja. Hilo ndilo lililomtia wazimu. Wanatolewa kila siku, wanaliwa na kijiji kizima, halafu vitoto vyao vinajaa majini kama vile hakuna aliyefanya kazi. Alilitafakari jambo hilo hadi asubuhi moja alipochelewa kushuka bondeni na kumkuta Xavery ameshatangulia, amechuchumaa kando ya mgono. Alikuwa anamshika kamba mmoja kwa mgongo, anamgeuza, anamchungulia tumbo, kisha anamrudisha majini taratibu, kwa mikono miwili.

"Baba Ineza. Unafanya nini?"

"Huyu ana mayai," Xavery alisema. Na kweli, chini ya mkia, yule kamba alikuwa amebeba mayai meusi, mengi kama mbegu za mchicha.

"Nimeona ana mayai. Ninauliza unafanya nini."

"Ninamwachia. Mwenye mimba hauawi, Mama Ineza. Hata baba yangu porini, akimwona swala mwenye mimba, alishusha upinde."

"Umeanza lini?"

Xavery alifikiri kwa uaminifu. "Tangu tulipoanza kutega."

Kalista alikaa kwenye nyasi zenye umande bila kujali kitenge. Aligundua kwamba muda wote huo alikuwa akivua madume na mabikira, huku mumewe akilinda wazazi. Na ubaya wake, hakuweza hata kumtukana vizuri, maana Xavery hakufanya hivyo kwa uvivu. Alifanya kwa utu. Kama ingekuwa uvivu, Kalista angejua pa kuanzia, kwa kuwa alikuwa na uzoefu nao wa miaka mingi.

"Swala hakutobolei nyumba," alimwambia hatimaye. "Kuanzia leo mwenye mayai ndiye wa kwanza kuingia chunguni. Ukishindwa kumtia wewe, niite mimi."

Xavery alinung'unika, lakini alitii. Na hapo, taratibu, bwawa lilipona. Mashimo aliyoyaziba Kalista yalibaki yamezibwa. Vifaranga vya perege vilionekana tena ukingoni, vikikimbia kivuli cha mtu. Kiangazi kilipoingia, tuta lilikuwa kavu upande wa nje, na Kalista alipita juu yake akilikanyaga kwa makusudi, ili alisikie lilivyo gumu.

Ni wakati huo wa raha ndipo mkwe wao alipokuja.

Ineza, binti yao, ameolewa Nyabusozi, upande wa Biharamulo, na kijana anayeitwa Clever. Baba yake Clever, mzee Aristides, ni mtu mpole, mfugaji, mwenye lambo alilochimba kwa ajili ya ng'ombe wake, na mwenye heshima nyingi mno. Anaposalimia, huuliza habari za watu, za mifugo, za mvua, za mgonjwa aliyepona zamani, na za wale usiowakumbuka. Kalista alimpenda, na alimwogopa kama unavyopaswa kumwogopa mkwe. Hakuwahi kumkatiza maneno. Hakuwahi kupokea kitu kutoka kwake kwa mkono mmoja. Aliwahi kusimama na kuni kichwani kwa muda wote wa salamu, kwa kuwa kuzitua kabla salamu hazijaisha kungeonekana ni kumharakisha.

Alimpikia kamba. Aristides alikula, akaomba tena, akanyonya hata magando. Alisema hajawahi kula kitu kama hicho, na kwamba Nyabusozi hawana. Kalista akafurahi, akaingia jikoni kumfungia wengine waliochemshwa wa njiani. Alipotoka, mgeni alikuwa ameshasindikizwa. Akadhani amekisahau kifurushi.

Jioni ndipo Xavery alipomweleza, kwa fahari kubwa.

"Nimemgabia mkwe."

Huku Ngara mtu haelezwi maana ya neno hilo. Unampa rafiki au mkwe ng'ombe jike, unatamka maneno ya kumpa mbele ya mashahidi, naye anamfuga. Akizaa, aliyepewa hurudi na mtoto wa ng'ombe yule kuonyesha kwamba zawadi imezaa na undugu umekua. Watu wamejenga koo kwa namna hiyo. Kalista aliangalia zizini. Ng'ombe wao pekee alikuwa amelala, anacheua.

"Umemgabia nini?"

"Wale wenye mayai wa leo asubuhi. Nimemwekea ndooni na nyasi mbichi. Nimetamka maneno yote, na Rozina alikuwepo. Mkwe amesema atawaweka kwenye lambo lake wazaliane. Alitokwa na machozi kidogo."

Kalista alimgeukia. "Mpigie simu. Mwambie asiwamwage. Mwambie awachemshe."

"Nimpigie mkwe nimwambie zawadi yangu ni balaa? Zawadi niliyoitamkia maneno? Ataona tumemdhihaki. Na anayekaa nyumbani kwake ni nani, Mama Ineza, si mtoto wako?"

Kalista alichukua simu mwenyewe. Alitafuta jina, akaliona, akalitazama. Alimfikiria Ineza katika nyumba ile, akiwa mgeni bado, akipishana na nyuso zilizonuna kwa sababu ya mama yake. Akaogopa. Akairudisha simu kwenye dirisha na kujiambia kwamba pengine watakufa njiani, ndani ya ndoo, kwa joto. Alijua kwamba viumbe wale hawafi hovyo. Walikuwa wamewahi kutambaa kutoka kwenye beseni lake na kuvuka uwanja mzima.

Miezi ikapita, mvua zikaja. Ineza alipopiga simu, Kalista aliuliza habari za nyumbani, za mazao na za afya, na mara zote aliliruka lambo. Ineza naye hakulitaja, na Kalista alichukua ukimya huo kuwa habari njema, kwa kuwa alitaka sana iwe hivyo.

Kisha siku moja, kabla jua halijawa kali, bodaboda ilisimama uwanjani na Aristides akashuka. Alikuwa amevaa koti. Mkononi alikuwa na ndoo mpya yenye mfuniko, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachokwaruza.

Salamu zilichukua muda wake. Zilipokwisha, mgeni alikataa kiti, akasimama wima katikati ya uwanja, akawaita Xavery na mkewe waje mbele yake. Rozina, ambaye pua yake hunusa sherehe kutoka mbali, alikuwa ameshafika na kusimama kando ya mgomba.

"Mlinipa," Aristides alisema. "Mlichonipa kimezaa, na waliozaliwa nao wamezaa. Sikuja mikono mitupu. Wajukuu wa wale mlionipa ni hawa. Sasa nionyesheni bwawa, niwatie kwa mkono wangu mwenyewe, kama inavyotakiwa."

Xavery alimtazama mkewe. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, alimwachia yeye kazi ya kueleza.

Kalista alisogea mbele, akapiga goti kidogo, akaipokea ndoo kwa mikono miwili. "Asante sana, Baba Clever. Mmetuheshimu. Lakini mgeni hafikii bwawani. Mgeni anafikia ndani." Kisha akaenda nayo moja kwa moja jikoni, ambako sufuria ya maji ya uji ilikuwa inachemka, akaimimina ndoo yote humo. Hakuacha hata mmoja. Aliporudi, uso wake ulikuwa mkavu. "Mkwe akileta, anachinjiwa alicholeta," alisema. Desturi hiyo alikuwa ameitunga hapohapo, kati ya jiko na mlango.

Aristides alishangaa, akaona labda ndivyo wafanyavyo Ntobeye, akakaa. Hata alionekana kuguswa. Chakula kilipoiva walikula wote, na Rozina naye akala, mchana kweupe. Kalista alianza kupumua. Tuta lake lilikuwa limepona bila mtu yeyote kukosewa heshima.

"Huku kwenu kunapendeza," Aristides alisema akimenya mkia. "Sisi mwaka huu tumepata taabu. Lambo langu linavuja. Mvua zote hizi, na maji hayakai. Ng'ombe wanatembezwa mpaka mbali kunywa. Tumetega panya kuzunguka lambo lote, tukaweka na sumu, lakini mashimo yanaongezeka."

Xavery aliinamia sahani. Kalista alijua kwamba angeweza kusema pole, na mazungumzo yangepita, na mgeni angerudi kwake akiwa na furaha. Alikuwa ameshapita njia hiyo mara moja, siku alipoirudisha simu dirishani. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Si panya, Baba Clever," alisema. "Ni hawa tunaokula. Ni sisi tuliokupa. Wanatoboa matuta. Nilijua siku ileile, nikaogopa kukwambia."

Aristides aliuweka mkia aliokuwa anamenya. Hakukasirika, na Kalista alitamani angekasirika. Alikaa akitazama sahani, midomo ikicheza kidogo kama mtu anayejikumbusha majina.

"Basi nimewakosea watu," alisema polepole. "Na mimi nimegabia. Nimempa Niyonzima, tunayepakana malisho. Nimempa shemeji yangu mwenye mpunga. Nimempa na Marsiana, yule mjane, kabwawa kake kako juu kabisa, kijito chetu kinaanzia pale. Nikawatamkia maneno yote."

Kalista aliisukuma sahani yake kando. Alikuwa ametumia miaka akipigania tuta moja, na mumewe kwa asubuhi moja ya adabu, na yeye kwa jioni moja ya woga, walikuwa wamepeleka balaa hilo mpaka kwenye chemchemi ya watu wengine. Na hao watatu nao walikuwa na wakwe. Walikuwa na marafiki na ndoo.

"Wapigie," alisema. "Sasa hivi, baba yangu. Kabla na wao hawajagaba."

Aristides alifuta mikono, akatoa simu kwenye mfuko wa koti, akamtafuta yule mjane kwanza. Simu iliita kwa muda mrefu. Ilipopokelewa, mzee alinyooka kitini.

"Marsiana, habari za nyumbani? Hawajambo watoto? Na yule aliyekuwa anaumwa mguu? Aa, tunashukuru. Mvua je, huko? Na ng'ombe yule mwenye baka? Huku nimefika salama, nimewakuta wazima, wamenipokea vizuri sana, hata sijui niseme nini. Wanakusalimu. Na mama mkubwa, bado yupo?"

Kalista alisimama juu yake akisikiliza. Mama mkubwa bado alikuwepo. Alikuwa na habari zake, ndefu. Kalista alifunga macho, akayafungua, kisha akanyoosha mkono, mkono mmoja, akaichukua simu kutoka sikioni kwa mkwe wake. Rozina alishika mdomo.

"Marsiana," Kalista alisema, bila shikamoo na bila habari. "Mimi ni mama yake Ineza, kutoka Ntobeye. Wale uliopewa, wachemshe. Wote. Anza na wenye mayai."